Mwili Mzito Nyuma ya Boti

Mtoto wangu wa mwisho alipokwenda shule ya bweni, nilishindwa kukaa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Ofisini Tunduma, nikiwa mbele ya kompyuta nasubiri mzigo wa mteja uruhusiwe na forodha, mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya meza mpaka mwenzangu akaniambia, "Mama, unatutetemesha wote." Nyumbani, kijijini Mpemba nje kidogo ya mji, nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mume wangu anaendesha lori la kwenda Kongo; akirudi analala, akiamka anaondoka.

Daktari alikuwa ameniambia nitembee, kwa sababu ya uzito. Nikajaribu. Lakini kwetu mtu mzima hatembei asubuhi bila safari. Kila mara bodaboda inapunguza mwendo: "Mama, panda twende." Nikisema natembea tu, dereva ananitazama kama mtu aliyefiwa. Majirani nao wanauliza nakwenda wapi. Nikaanza kubeba kapu tupu ili nionekane naenda sokoni, halafu nikajiona mjinga, nikaacha.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa nahodha wa boti kwenye loji moja ya watalii upande wa Zambia, Ziwa Tanganyika, si mbali na Mpulungu. Siku za mapumziko nikavuka mpaka wa Nakonde kwenda kumtembelea, maana sikuwa na kwingine pa kwenda. Ndipo nilipouona ule mchezo. Mgeni mmoja, mwanamke, alikuwa amesimama juu ya ubao nyuma ya boti. Mwanzoni alishika kamba. Kisha akaiachia, na hakuanguka. Wimbi linalotengenezwa na boti likawa linamsukuma lenyewe, naye akaifuata boti kwa karibu, magoti yamekunjwa kidogo, hashiki kitu. Nilimtazama mpaka chai yangu ikapoa.

Jioni nikamwambia mdogo wangu, "Na mimi nataka."

Alicheka, akaona sicheki. "Dada, ule ubao ni wa watu wepesi."

"Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Wewe ni dada yangu. Utazama nao."

Hakusema kwa ubaya. Mwenye loji aliwaruhusu wafanyakazi na ndugu zao kutumia boti siku ambazo hakuna wageni, kwa hiyo mdogo wangu hakuwa na kisingizio. Kwanza alinifundisha kuelea pale maji yanapofika kifuani. Mimi nimekulia Igamba, kwenye kahawa na mahindi. Maji niliyoyajua ni ya kijito unachokivuka kwa kukanyaga mawe. Jaketi la kujiokolea halikufunga kifuani. Akatafuta jingine, nalo likagoma, mwishowe akaunganisha mikanda kwa kipande cha kamba.

"Na mamba?" nikamuuliza tulipofika kwenye kina.

"Huku hawaji."

"Uliwauliza?"

Akawasha injini. Alinieleza kwamba propela ya boti ile imekaa chini ya tumbo, si nyuma, ndiyo maana mtu anaweza kuifuata kwa karibu bila kukatwa. Kisha akanipa maagizo: lala chali majini, weka visigino juu ya ubao, kunja magoti, shika kamba, usiivute. Boti itakunyanyua yenyewe.

Niliivuta. Kila mara niliivuta. Nilikuwa nasikia boti inaanza kwenda na mwili wangu wote unataka kuwahi, nasukuma kwa miguu, ubao unazama, maji yananiingia puani. Nikiibuka namwona anageuza boti polepole kunifuata, na upole wake ule ndio ulioniudhi zaidi. Tuliporudi nchi kavu sikuweza kunyanyua kikombe kwa mkono mmoja.

Ofisini nilichapa barua kwa vidole viwili, viganja vimetoka malengelenge. Nikasema nilikwenda kulima kwa mama. Jumapili iliyofuata nikaenda Igamba kweli, na mama aliniona mikono kabla sijaketi.

"Umelima wapi?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo, akasikiliza bila kuinua uso.

"Na ukishasimama kwenye huo ubao, unakwenda wapi?"

"Boti inakokwenda."

"Halafu?"

"Halafu inarudi."

Akatupa punje mbovu pembeni. "Wewe tangu mdogo hukai. Nilidhani ukinenepa utatulia."

Nilicheka, lakini njiani kurudi Tunduma maneno hayo yalinifuata. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali, madereva wamelala chini ya matela. Nikajiuliza kwa nini kila mtu anaujua mwili wangu unavyotakiwa kuwa isipokuwa mimi niliye ndani yake.

Nilirudi ziwani mara ya pili, nikashindwa. Mara ya tatu nikashindwa vibaya zaidi, nikamfokea mdogo wangu kutoka majini kwamba ananihurumia, anaiendesha boti kama amebeba mgonjwa. Alizima injini. Akakaa ukingoni, miguu inaning'inia.

"Sikuhurumii," akasema. "Wimbi lenyewe ni dogo kwako. Na ubao ni mdogo. Nilijua, nikanyamaza, nilidhani utachoka uache."

"Sasa umeona sichoki."

"Nimeona."

Safari iliyofuata nilimkuta ametoa stoo ubao mrefu, mnene, ambao wageni hawaupendi kwa kuwa haugeuki upesi. Alikuwa pia amejaza maji madumu makubwa na kuyapanga pembe ya nyuma, upande wa kushoto. Boti ikizama upande huo, alisema, wimbi la upande huo linakua. Alipoona bado halitoshi, akaenda jikoni akawaomba mama wapishi waje wapande. Walikuja wanacheka, vitambaa vichwani, mmoja wao mwenye mwili kama wangu. Alipoketi juu ya madumu boti ikalala, na wenzake wakashikana. Mimi nilikuwa majini nikiangalia. Boti ilipopita bila kunivuta, kujaribu, wimbi lilinyanyuka nyuma yake, limenona, halivunjiki.

Nikalala chali. Visigino kwenye ubao. Boti ikaanza kunivuta, na safari hii sikuivuta kamba; nilimngoja yule mama mnene, aliyeketi nyuma akinielekea, aseme niinuke. Aliniangalia machoni, akainua kiganja kunizuia, akakishikilia hapo. Ubao ukanibana nyayo, ukageuka chini yangu. Ndipo akasema kwa Kibemba, taratibu, "Imeni, bamayo." Inuka, mama.

Nikainuka.

Sikuinuka vizuri. Nilikuwa nimepinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Lakini miguu ilikuwa juu ya maji na maji yalikuwa yanakimbia. Kamba ikalegea mkononi, maana wimbi lilikuwa linanisukuma, mimi na kilo zangu zote. Mdogo wangu alikuwa anageuza shingo kila mara. Nikakanyaga kwa mguu wa mbele, nikasogea karibu na boti. Nikakanyaga kwa wa nyuma, nikarudi. Nikaiachia kamba. Muda mfupi baadaye nikaanguka ubavu, maji yakanipiga kama kofi.

Mdogo wangu alipofika alikuwa anafuta uso kwa mkono wa shati. "Umetosheka?"

"Hapana. Geuza."

Akageuza. Nikaanguka. Akageuza tena, nikasimama, nikaanguka kabla ya kuachia kamba. Kisha wapishi wakasema chakula cha jioni hakijipiki, ikabidi warudishwe jikoni. Tukajaribu na madumu peke yake, lakini wimbi lilikuwa limekonda.

"Dada, toka sasa. Baridi."

Nikamwambia natoka. Nilibaki nimeukumbatia ubao, miguu inapiga maji chini yangu, naangalia kule jikoni moshi unapoanzia, nikihesabu ni sahani ngapi za kuosha kabla wapishi hawajawa huru tena.