Ukoo wa Plamsi

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Nangara, nasubiri misumari. Mbele yangu fundi Mchina wa barabara alimwamkia mama mmoja wa kutoka Mbulu: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa ukoo gani?" Kwao Mbulu mgeni huulizwa hilo kwanza.

"Li," akajibu, kwa Kiswahili cha kupimapima. "Maana yake mti wa plamsi. Wazee wanasema babu yetu alikimbia kuuawa, akajificha porini, akala plamsi, akapona. Akachukua jina hilo."

"Na mko wengi?"

Fundi akacheka, akatanua mikono yote miwili. "Mamilioni, mama!"

Mama akaweka kikapu chini. "Mamilioni. Na hapa Babati unakula na nani?"

Mikono ikashuka. Akainua kidole kimoja, akajigusa nacho kifuani.

"Jumapili tukitoka kanisani uje kwangu Singe. Makande yapo."

Mimi nami ni mtu wa kuja, mwaka wa tisa huu. Tangu siku hiyo jina la ukoo wangu ninalo mdomoni, na bado sijaulizwa.