Niliunguza Jicho la Hadubini, Lawama Nikamwachia Mwenzangu

Wenzangu, mimi ndiye niliyekosea. Naanza hivyo ili nisipate upenyo wa kujitetea, maana kujitetea nimeshajitetea sana, na nimechoka.

Nipo hapa Mafia, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa viumbe wa baharini. Kazi yangu ni kuunda hadubini. Si zile za shuleni za kuchungulia ganda la kitunguu! Hii inatumia leza. Chembe mbili za mwanga zinakutana mahali pamoja ndani ya ubongo ulio hai, hapo panang'aa kidogo sana, na mng'ao huo unadakwa na kifaa tunachokiita jicho. Kununua nzima hatukuweza, tukaiunda wenyewe kioo kwa kioo juu ya meza nzito ya chuma. Niliipenda mashine ile jamani!

Sasa, jicho lile hufanya kazi gizani tu. Likiwa limewashwa, mwanga wa mlangoni unaliunguza. Kulikuwa na kikatizi cha kulilinda, kinachozima umeme wake mwanga ukizidi. Mimi nikakiondoa! Kilikuwa kinazimazima ovyo, kinanikera, nikajiambia mimi fundi, nitakuwa mwangalifu. Mkuu wa kituo sikumwambia. Moyoni nikaita hayo maboresho.

Aliyekuwa akiitumia ni binti wa Miburani, hapa hapa kisiwani. Nitamwita Rukia, ingawa si jina lake. Alikuwa anasomea shahada ya pili, anataka kuona ubongo wa vitoto vya pweza ukifanya kazi, maana wakiwa wachanga miili yao inapitisha mwanga. Pweza wenye mayai aliletewa na mama yake, ambaye riziki yake ni kuchokoa pweza miambani maji yakitoka. Wale ambao angewapeleka sokoni, akampa mwanawe kwenye ndoo. Shahada yote ilitegemea picha za msimu ule.

Siku moja nilikuwa peke yangu chumbani narekebisha vioo, jicho limewashwa. Nikasikia nje, "Hodi! Hodi wenyewe!" Alikuwa mama yake Rukia.

Nyie mliolelewa pwani mtanielewa. Mama mtu mzima amesimama juani na bakuli mkononi, utamwambia asubiri? Mdomo ulishasema karibu kabla akili haijafika. Nikafungua mlango wote!

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona wajifungia kama mwari? Haya, pweza wa nazi huyu, mle na mwenzio angali moto."

Nikacheka. Nilipogeuka, skrini ya kompyuta ilikuwa nyeupe pee. Nikajua jicho limekwisha. Na yule pweza nilimla, wallahi.

Hadi hapo ilikuwa ajali. Dhambi ilianza baadaye. Kabatini kulikuwa na jicho la akiba, lakini ili nipewe ilinipasa nimwambie mkuu kuwa kikatizi nilikiondoa mimi. Nikaona aibu. Nikajidanganya kwamba namstiri mama wa watu, asije akaambiwa ameharibu mashine. Uongo mtupu! Mama hakugusa kitu.

Rukia alipokuja akauliza, "Kaka, mbona leo picha giza?"

"Rangi yako haijaingia vizuri," nikamjibu. Ile rangi aliyokuwa akividunga vitoto kwa sindano ili ubongo ung'ae.

Kisha nikaongeza nguvu ya leza, ili jicho lililoungua lipate kuona. Picha ikarudi kidogo. Vitoto vikaanza kufa juu ya meza, maana leza ile kali ilikuwa inaviunguza. Nilijua! Fundi gani asijue?

Rukia akabadilisha rangi, akabadilisha maji, akakonda. Mama yake akaleta ndoo nyingine, na nyingine. Nikamsikia anamwambia mwanawe, "Labda ni mimi, nawatoa mashimoni kwa nguvu." Astaghfirullah! Nikainamia vioo vyangu.

Mchana mmoja Rukia akakaa kizingitini, glavu bado mikononi. "Kaka, niambie kweli. Kosa ni langu?"

Nikasema, "Labda."

Msimu ukaisha. Akaandika kwamba ameshindwa, akaenda Dar kumsaidia shangazi yake dukani. Alipoondoka tu, hakuna tena wa kuniuliza kulikoni, nikaliiba lile jicho la akiba, nikalifunga. Picha ikaja safi! Mkuu akanipiga begani, akaniita fundi hodari. Sifa ile ilinishinda kubeba.

Nikaenda Miburani. Mama alikuwa anaanua nguo kambani, nikamweleza yote, hadi neno la kizingitini. Hakunipigia kelele. Akazikunja nguo mpaka zikaisha.

"Ungesema mama subiri, ningesubiri, mwanangu. Ningekaa hapo kivulini. Kuna nini?"

Kisha akapiga simu, akanipa. "Mwambie mwenyewe."

Rukia alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mimi nilikuuliza, kaka." Akakata.

Mkuu nilimwambia pia. Sikufukuzwa, ila mashine sasa anaishika mwingine, mimi nafuta vumbi na kupakaa bawaba mafuta. Sawa tu. Rukia kaandikiwa na kituo arudi, hajajibu. Mama yake tukikutana ananiitikia marahaba kama zamani, na hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Nawaomba nyie mnaofanya kazi na wenzenu. Mgeni mwambieni asubiri, heshima haitavunjika. Mkiharibu, semeni siku ile ile, aibu ikiwa bado ndogo. Na mwenzako akikuuliza kama kosa ni lake, nawe unajua si lake, tafadhali, usimwambie labda.