Jina la Naomi kwenye Shamba Langu

Siku ile naikumbuka mpaka leso niliyojifunga, ya samawati yenye madoa meupe. Nilishuka kwenye gari moshi pale Taveta nikiwa na jembe jipya begani, na nikalirudisha jembe hilo nyumbani likiwa na tope ambalo si mimi niliyelichimba. Kosa langu lilikuwa hapo, mwanangu. Mengine yote yaliyofuata yalizaliwa siku hiyo.

Nakuandikia, Mkawasi, kwa sababu uliniambia jambo kwenye simu nami nikakujibu kwa kicheko. Ulisema unataka kununua apatimenti huko Bangkok, ghorofa ya tisa. Nikakuuliza, nyumba isiyo na uwanja, maji ya kufulia utamwaga wapi? Ukasema, "Nyanya, kuna bomba, acha zako." Tukacheka sote wawili mpaka simu ikakatika. Lakini katikati ya kicheko ulisema kitu ambacho kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ulisema sheria ya huko inamruhusu mgeni kumiliki nyumba ndani ya jengo kubwa, ila sehemu ya wageni katika jengo hilo imeshajaa. Sasa dalali amekushauri iandikwe kwa jina la Noi, yule msichana wa huko mnayefundisha naye shule moja, kisha wewe ukae ndani kama mwenyewe. Ijumaa mnatia sahihi.

Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Soma pole pole, uwasomee na wadogo zako kwenye simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa na babu yako Mwakio, yeye akifanya kazi ya reli hapa Voi. Mimi nilikuwa nauza vyakula sokoni. Kila wiki nilipanda gari moshi kwenda Taveta kuchukua ndizi na vitunguu. Wewe umekulia huku Mraru, unajua jinsi tunavyotazama mawingu kama mtu anayesubiri mgeni mwenye zawadi. Sasa fikiria nilivyojisikia kule, maji yanatoka chemchemini, yanaingia mferejini, yanatembea yenyewe mpaka kwenye shina la mgomba. Nilitamani mpaka nikaona haya. Kwetu Udawida, milimani Taita, shamba la baba lilikuwa limegawanywa kwa kaka zangu mpaka likawa jembamba kama mshipi wa suruali.

Mzee mmoja anaitwa Elia alikuwa anauza kipande chake ahamie kwa bintiye. Babu yako akakubali tumuuze ng'ombe aliyetoka kwenye mahari ya dada yake Wawuda. Ng'ombe kama yule hauzwi ovyo, ndugu wote wanamjua kwa rangi na kwa tabia. Lakini Mwakio aliniamini, akasema, "Nenda Mghoi, wewe ndiye unayekujua kule."

Soko nililijua, mwanangu. Mfereji sikuujua.

Shamba la mfereji si udongo peke yake, ni udongo na zamu ya maji. Na zamu hainunuliwi. Wanaitoa wazee wa mfereji, na mgeni hawampi siku ileile. Kwanza lazima aje siku ya kuzibua, mvua za masika zikikaribia, wakati kila mwenye shamba anasimama kwenye kipande chake cha mfereji anatoa tope kwa jembe, wengine wakimwona. Akionekana hivyo misimu mitatu, ndipo anaandikwa. Hiyo misimu mitatu anamwagilia kwa ndoo, au kwa huruma ya jirani.

Nilikuwa na rafiki pale sokoni, Naomi, mjane mwenye watoto wawili, mwenyeji kabisa. Ndizi zake ndizo nilizokuwa nachukua. Alinicheka nilipomweleza.

"Misimu mitatu? Si utazeeka na ndoo kichwani! Andika jina langu. Mimi mfereji huu wananijua tangu tumboni."

"Na wakiniuliza?"

"Nani akuulize, na wewe kila siku uko mbioni na treni yako? Shamba ni lako, jina ni langu. Mimi na wewe si dada?"

Tulikuwa dada kweli. Karatasi ya mauziano ikaandikwa Naomi. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini mimi niliona baraka tu. Nikajenga vyumba viwili, nikaezeka mabati, nikapanda migomba na vitunguu, maji yakaja kwa zamu.

Sasa ndiyo siku ile ya jembe jipya. Ilikuwa siku ya kuzibua, na kusema kweli moyo ulikuwa unanisuta. Nikasema, walau niende nichimbe, hata kama jina si langu. Naomi akanikuta njiani, akaninyang'anya jembe.

"Una wazimu? Wakikuona mferejini wataanza kuuliza shamba ni la nani. Kaa kwangu, nitachimba cha kwangu na cha kwako."

Nikakaa mlangoni kwake. Naomi, maskini, alichimba vipande viwili jua kali. Mzee Yonasi, mkubwa wa mfereji, akapita na fimbo yake ya kupimia kina. Alikuwa ananitania siku zote, ati mimi ni Mdawida wa treni, mguu mmoja Voi na mwingine Taveta.

"Mdawida wa treni, leo umekuja kununua au kuchimba?"

"Nimetembea tu, mzee."

Akaitazama miguu yangu ilivyo safi. Akasimama kidogo, kama mtu anayesubiri neno la pili. Mimi nikaangalia pembeni. Akaenda zake.

Miaka miwili tulikula vizuri. Halafu Naomi akashikwa na homa, siku nne tu, akafa. Nilimlilia kama niliyezaliwa naye. Matanga yalipokwisha nikaenda kwa shemeji yake, Zakaria, aliyeachiwa wale watoto, nikamweleza habari ya shamba. Ningependa kukuambia Zakaria alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekuwa rahisi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, sikuiti mwongo," akasema. "Lakini karatasi niliyoikuta sandukuni ina jina la marehemu, na marehemu ana yatima. Nikikupa wewe, wakikua nitawaambia nini? Twende kwa wenye mfereji waamue."

Tukaenda. Walikuwa kama kumi na watano, wanaume kwa wanawake, wamekaa kwenye kingo. Mzee Yonasi akauliza, "Huyu mama nani amemwona mferejini?"

Wakanikagua toka kichwani mpaka miguuni. 

Mama mmoja, Rebeka, akajibu, "Mimi nimemwona sokoni. Anaomba kupunguziwa bei mpaka mtu unaumwa kichwa." Watu wakacheka. Hawakunicheka kwa ubaya, wanangu, ila mimi pale ardhi ingepasuka ningeingia. Kati ya wote wale hapakuwa na aliyeweza kusema, huyu nilichimba naye bega kwa bega. Aliyejua ukweli wangu alikuwa mmoja, naye alikuwa kaburini.

Shamba likabaki kwa watoto wa Naomi. Mimi nikaruhusiwa kung'oa mabati yangu. Mzee Yonasi akanisindikiza mpaka stesheni, na njiani ndipo aliponiambia maneno ambayo sijayasahau.

"Siku ile ya kuzibua nilikuuliza," akasema. "Nilijua. Mtu mzima hakosi kujua nani anapalilia vitunguu. Nilikuuliza ili useme, nawe ukasema umetembea. Ungesema, mzee, nimenunua kwa Elia na naogopa kukataliwa, ningekugombeza mbele ya watu kisha ningekuonyesha kipande chako. Leo ungekuwa na misimu miwili."

Nikasema, "Nilidhani hamtaki wageni."

"Wageni tunawataka. Mfereji huu nusu ni wageni, babu yangu mwenyewe alikuja na ndoo. Wewe ulitaka maji yetu, sisi hukututaka."

 Nguo ya kuazima haisitiri makalio, na mimi nilikuwa nimeivaa miaka miwili nikijiona nimependeza.

Niliogopa kufika nyumbani. Babu yako hakunipiga wala hakunitukana. Aliuliza swali moja: "Hao watoto wa Naomi, migomba inazaa?" Nikasema inazaa. Akasema, "Basi ng'ombe wa Wawuda hajafa, amehama." 

Tulipopata kipande hiki cha Mraru, kikavu, chenye ndovu wasiojua mipaka ya mtu, sikuchimba hata shimo la nguzo kabla ya kuzunguka. Nilikwenda kwa mama Samba, kwa mzee Mwambi na mkewe Mkanyika, kwa yule Mkamba Mutiso aliyekuwa na mbwa watatu, kwa Bi Zuhura aliyekuwa na duka barabarani. Kila mahali nilisema jina langu na ninachotaka. Mutiso alinikatalia njia kupita kwake, akaniambia wazi. Nikazunguka mwaka mzima. Mwaka uliofuata aliifungua mwenyewe. Na ndovu walipokuja mara ya kwanza, wa kwanza kufika na debe la kupiga kelele alikuwa Mutiso na mbwa wake.

Sasa mwanangu, nisikilize. Sisemi Noi ni mwizi. Naomi hakuwa mwizi. Angekuwa mwizi ningepona haraka. Lakini Noi ni mwanadamu. Anaweza kuugua, anaweza kuolewa, anaweza kuingia kwenye matatizo ambayo hata yeye hayatarajii. Siku hiyo hutabishana naye. Utabishana na mama yake mzazi, katika lugha yake, mbele ya watu wake, naye atakuwa na karatasi na machozi. Na kama sheria ya huko inakataza mgeni kujificha nyuma ya jina la mwenyeji, wakigundua utakayefukuzwa ni wewe, na Noi ataadhibiwa kwa wema wake. Huo si urafiki, ni kumtwika mwenzio mzigo usiomweleza uzito wake.

Kwa hiyo Ijumaa usitie sahihi. Mwambie Noi asante, umnunulie chakula kizuri, mbaki marafiki. Halafu nenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali inayoandika majumba, na mtu wako anayejua kusoma maandishi yale, asiwe mtu wa dalali, maana dalali hatalala kwenye nyumba anayoiuza. Uliza kama kweli sehemu ya wageni imejaa. Ikiwa imejaa, subiri atoke mmoja, au tafuta jengo lingine ambalo bado lina nafasi. Panga chumba kwa sasa. Kupanga si aibu, hiyo ndiyo ndoo yako kichwani.

Na ukipata iliyo na nafasi, usiangalie chumba peke yake. Nyumba ya hewani ni kama shamba la mfereji: kuta ni zako, lakini lifti, paa, ngazi na bomba ni vya wote. Uliza wenye nyumba wanakutana lini, na uende ukakae nyuma usikilize, hata kama huelewi yote. Utajua kama ni watu wanaozibua mfereji wao au wanaosubiri mwingine azibue. Gonga mlango wa jirani wa kulia na wa kushoto, useme jina lako. Na ukishaandikwa, andika pia ni nani atakayepewa ufunguo kama wewe hupo, kwa sheria ya hukohuko, kwa sababu fimbo ya mbali haiui nyoka, nami siwezi kuja Bangkok kukaa kingoni mwa mfereji wa watu na kusema nilikuona.

Majuto ni mjukuu, lakini mimi mjukuu wangu ni wewe, na majuto yangu sikurithishi.

Mungu akutangulizie majirani kabla hajakupa nyumba. Jina lako liandikwe pale unapolala, na wale mnaopanda nao lifti wajue kulitamka. Ukiugua awepo wa kubisha hodi, ukifurahi awepo wa kuuliza una nini leo. Ubarikiwe uingiapo, Mkawasi, na utokapo ubarikiwe, na uingie kwa miguu yenye tope.