Nilimwita jirani mwizi wa intaneti mbele ya waumini

Jina langu lifiche, msimamizi, maana hapa Adelphi, Marekani, tunajuana wote. Nina miaka thelathini na nane, Mtanzania, kazi yangu kutunza wazee. Nina mume na binti mmoja, Neema. Sipendi kuchezewa, na hilo ndilo lililoniponza.

Intaneti ya nyumbani ilikuwa inajikokota. Mume wangu akasema, "Kuna mtu anatuibia." Nikafungua ukurasa wa kile kiboksi cha intaneti, pale zinapoorodheshwa kompyuta zilizounganishwa. Yangu, ya mume wangu, na ya tatu imeandikwa Baraka. Baraka ni mtoto wa jirani yetu wa chini, mama Mkenya tunayesali naye; kompyuta yake ameipa jina la mwanawe. Alimwacha mtoto Kenya kwa bibi yake akiwa mdogo, na kwa kuwa makaratasi yake ya kuishi huku hayajakaa sawa, hawezi kwenda kumwona.

Ningeweza kushuka ngazi nimwambie pembeni. Sikutaka. Nilisubiri ibada ya nyumbani, watu wamejaa sebuleni kwangu, nikasimama kama natoa ushuhuda. "Humu ndani kuna mwizi, na anaimba na sisi." Nikamtaja. Watu wakacheka, na mimi nikasikia raha, sitawadanganya.

Akajibu kwa sauti ndogo, "Password nili-guess tu. Si sote tunakuita Mama Neema?"

Kweli, neno la siri lilikuwa jina la mwanangu. Wakacheka zaidi. Nikalibadilisha siku hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi akagonga. "Mama Neema, nipatie one hour tu. Mamangu amemleta Baraka town, wako kwa cyber wananingoja."

"Si umpigie simu?"

"Baraka hasikii. Huwa tunaongea na mikono, kwa camera."

Nikaona ananitungia hadithi, nikafunga mlango. Na baada ya maneno yangu, hakuna muumini aliyekubali kumpa intaneti yake.

Miezi mitano imepita, na intaneti bado inajikokota. Wiki iliyopita ndipo nilipogundua kwamba kompyuta ya mume wangu inapakua sinema mchana kutwa, na alijua tangu mwanzo. Yeye ni mzee wa kanisa. Ananisihi, "Ukisema, utanivua nguo mbele za watu."

Jana nilimkuta jirani kwenye mashine za kufulia. Akanisalimia vizuri tu. Akanieleza kuwa hatimaye bosi wake alimruhusu kutumia intaneti ya kazini. Baraka akaletwa mbele ya kamera, akamtazama mama yake, akaingiza mikono mfukoni.

Nishaurini, ndugu zangu. Nisimame tena pale sebuleni niseme kweli, au nimsitiri mume wangu? Nifanye nini?