Wosia wa Karatasi na Wosia wa Mdomo

Mtaa mzima ulimwita Pasi, ingawa shuleni hakuwahi kupasi hata mtihani mmoja. Mwenyewe ndiye aliyeanzisha utani huo. Alikuwa dobi, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake: meza iliyotandikwa blanketi lenye alama za kuungua, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na mashati yakining'iniza mikono kama watu waliochoka kusubiri. Nyuma ya pazia ndipo alipolala baba, mpaka alipofariki.

Baba aliugua muda mrefu. Pasi alimlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamfulia mashuka, kisha akarudi kwenye makunyanzi ya watu. Kaka yake mkubwa, karani wa ofisi, alikuja siku mojamoja, akakaa kwenye ncha ya kiti, akaondoka kabla chai haijapoa.

Karibu na mwisho, baba alimshika mkono, ule wenye malengelenge ya pasi.

"Mwanangu, wosia wangu kwako ni mmoja tu. Usije ukamshtaki kaka yako. Watu wasitucheke. Niahidi."

"Naahidi, baba."

Nani angesita? Pasi hata alifurahi kwamba wosia amepewa yeye, si kaka yake.

Baada ya mazishi, tarishi wa mahakama akasimama mlangoni. Pasi alimjua vizuri. Suruali zake za kaki zilipita kwenye meza ile kila wiki.

"Suruali yako bado mbichi, bwana tarishi!"

"Leo sikuja kuchukua, dada. Nimeleta. Tia sahihi hapa."

Ilikuwa notisi. Pasi akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Kwa jamaa wa marehemu wasiotajwa katika wosia… Wasiotajwa ndio akina nani?"

Tarishi akaangalia viatu vyake. "Ni wewe, dada. Mzee aliacha wosia wa maandishi. Nyumba yote kampa kaka yako. Sheria inataka uambiwe, ili kama una pingamizi ulipeleke kabla mwezi haujaisha."

"Kumbe sheria ina adabu kuliko ndugu!" Pasi akacheka. "Inabisha hodi kwanza, ndipo ikutoe nje."

Tarishi hakucheka. "Nenda ukapinge. Mtaa mzima unajua nani alimuuguza mzee."

"Aliuandika lini?"

"Mwaka jana, bado anatembea."

Pasi akaichomeka notisi kwenye kamba kwa kibanio. Kwa hiyo siku ile aliposhikwa mkono, baba alikuwa anajua. Nyumba alikwisha kuitoa; kilichobaki kilikuwa mdomo wa binti yake, nao akaufunga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Pasi aliinama mpaka mgongo ukamuuma, na mvunguni hamkuwa na kitu.

Mara ngapi alivaa viatu aende mahakamani? Kila alipofika kizingitini alikiona tena kile kiganja kikavu kikimshika, akavivua.

Siku ya mwisho ya mwezi, mchana, kaka yake akaingia na shati jeupe.

"Ninyooshee hili, mdogo wangu. Kesho nathibitisha ule wosia. Hukupeleka pingamizi, sivyo?"

"Bado."

"Bado!" Kaka akacheka. "Hutapeleka wewe. Baba aliniambia nisiwe na wasiwasi, huyo ameshaahidi. Na hii meza uihamishe mapema, kuna mpangaji anakitaka chumba."

Akatoka akipiga mluzi. Ofisi ya mahakama ilikuwa bado wazi. Pasi aliitazama notisi iliyochomekwa kwenye kamba kwa kibanio, halafu akalitazama shati. Akalinyunyizia maji. Akaanza na kola, akaja mikono, akafika mfukoni, na hapo pasi ikasimama. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

Akainyanyua.

Lilikuwa jeupe vilevile. Akalimaliza, akalitundika katikati ya mengine, limenyooka, halina kunyanzi hata moja. Kisha akaanza kulikunja blanketi la meza.