Nyota za Bamia

Kila nikikata bamia, ile harufu yake ya majani mabichi hunirudisha kijijini kwetu chini ya milima, kwenye udongo wa mama.

Mama alikuwa mfinyanzi. Siku moja dada yangu alikuwa amepelekwa hospitali ya Matema kwa mtumbwi kujifungua, na mama, aliyebaki na sisi wadogo, hakuweza kutulia. Aliinuka, akatazama ziwa, akaketi, akainuka tena. Mwishowe akachukua bamia moja ya mboga ya jioni, akaikata, akaigandamiza kwenye shingo ya chungu kibichi. Ikabaki nyota ya pembe tano, na alama ya mbegu katika kila pembe. Akapiga nyingine, na nyingine, utelezi ukimchuruzika vidoleni.

“Mama, tutakula nini?” niliuliza.

“Niache, mwanangu. Mikono hii ikikaa bure nitapiga kelele.”

Jioni nyota zilikuwa zimefika kitakoni. Mtumbwi ulirudi kesho yake. Dada alishuka ameshikiliwa na shangazi, kanga ya kumbebea mtoto ikiwa bado imekunjwa kwapani.

Chungu kile hakikuingia motoni. Mama alikitumbukiza kwenye maji, kikalegea, akaukanda udongo mpaka nyota zote zikapotea.

Binti yangu yuko wodi ya wazazi tangu asubuhi, na simu imenyamaza. Nimesimama jikoni na kipande cha bamia mkononi. Donge la unga wa chapati mezani limejaa nyota, na sithubutu kulikanda.