Picha za Baba za Safari ya Meli

Nakumbuka wiki moja hapa Igamba, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, tulipokuwa tukisubiri wazee kutoka Ileje walete posa yangu. Ukuta wetu wa udongo ulinitia aibu, nikaona niupambe.

Baba alikuwa na bahasha ya picha. Kabla sijazaliwa alikuwa mtumishi wa familia ya Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, enzi za ukoloni. Waliposafiri kwa meli miezi mingi kujistarehesha, Bombay, Kolombo hadi Singapuri, walimchukua awahudumie. Walipohama kurudi kwao wakamwachia picha za safari ile.

Sikumwomba ruhusa, mwanangu. Nilishika mkasi nikaanza. Meli niliiacha, tembo nikamwacha, mama wa Kizungu na kofia yake nikamwacha. Pembeni kulikuwa na mtu kashika sinia, nusu yake tu inaonekana. Nikaona anaharibu picha, nikamkata kila alipotokea. Vipande nikavitia motoni, picha nikazibandika kwa uji wa ngano. Nilijiona fundi kweli!

Baba akaingia akitoka kuchuma kahawa. Akatazama picha ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Sikuelewa. Akaniambia yule wa sinia ni yeye, na picha nyingine ya ujana wake hana. Nilikimbilia jikoni nikakuta majivu. Nililia sana.

"Ungeniuliza kwanza, mama," akasema, basi.

Wageni walipofika, baba mkwe akauliza zile picha ni za nini. Baba akainuka, akaweka kidole kwenye udongo mtupu, kando ya meli. "Hapa nilisimama mimi." Akasogea kwa tembo. "Na hapa." Akazunguka ukuta mzima hivyo, akisimulia bandari moja baada ya nyingine. Mimi nilishika kikombe cha togwa, siwezi kuinua macho.

Posa ilipokelewa. Baba alishafariki, na hata ile nusu yake sina ya kukuonyesha.

Jumapili, kule Mpemba harusini, nilikuona ukiipunguza picha kwenye simu ili shangazi yako aliyebeba sufuria asionekane. Usifanye hivyo. Uliza kabla hujakata, na anayewahudumia wenzake mwite asimame katikati. Mungu akujalie wajukuu watakaokutafuta kwenye picha, wakukute.